Mimba nikiwa na miaka 16, na hatari ambazo hakuna aliyenihesabia

Kadi yangu ya kliniki ilikua na stika nyekundu kwenye kona ya juu, na pembeni yake nesi akaandika kwa herufi kubwa HATARISHI, alafu chini yake kwa maandishi madogo: umri miaka 16. Nilikaa nayo kwenye benchi nimeigeuza kifudifudi juu ya mapaja ili wamama waliokaa pembeni wasiione, na kwa kucha ya kidole gumba nikawa naikwangua ile stika kidogo kidogo, ikachanika nusu, nusu ikagoma kutoka. Ninayo mpaka leo. Sa hivi nina miaka 30, binti yangu ana 13, na nimeamua kuandika haya kwa sababu karibu kila mtu aliyeniambia habari za hatari kipindi kile alikua anaongelea hatari nyingine kabisa, sio ile iliyonikuta.

Nianze na hesabu maana mi nilijiona nimepiga hesabu. Watu wanadhani binti akipata mimba basi hakufikiria, alibebwa tu, kumbe mi nilifikiria sana ila nilifikiria kwa taarifa mbovu. Rafiki yangu alinifundisha siku salama, yeye kafundishwa na dada yake, dada yake sijui kafundishwa na nani. Nikawa na kalenda nyuma ya daftari la hisabati, nimezungushia tarehe mbili za hedhi, mbili tu, nikachora mstari katikati nikasema hapa ni hatari huku ni salama. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa umri ule mzunguko bado unahangaika, mwezi huu siku 26 mwezi ujao 35, kwahiyo yai linatoka siku linayotaka lenyewe. Hakuna aliyeniambia mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili mpaka siku 5 zikilisubiri hilo yai. Ukijumlisha hayo mawili siku salama ya mtoto wa miaka 16 ni bahati nasibu.

Shuleni tulishawahi kuletewa mgeni akatuongelea madhara ya mimba za utotoni. Aliongea saa nzima. Alisema maisha yanaishia pale, alichora ngazi ubaoni na mtu anaanguka kutoka juu, sisi tukacheka maana yule mtu alikua na kichwa kikubwa kama tikiti. Hakusema kondomu inapatikana wapi bila kuulizwa maswali. Hakusema kuna vidonge vya dharura ambavyo ukimeza mapema, bora ndani ya siku 3 na mwisho siku 5, vinapunguza sana uwezekano wa mimba kutunga, na kwamba haviharibu mimba ambayo tayari ipo. Tulitoka pale tunajua tu kwamba ni hatari. Sasa mtu ukijua kitu ni hatari na hujui cha kufanya, unachofanya ni kutokukifikiria.

Yule kijana alikua na miaka 17, tulisoma pamoja, na nasema umri wake kwa makusudi. Kama wewe unayesoma una miaka 15 au 16 na mwenzio ni mtu mzima mwenye kazi yake, hilo ni jambo lingine kabisa, huyo anajua anachofanya na sehemu nyingi sheria inamtambua kama mkosaji, usikae ukijiita mpenzi wake. Wangu alikua mtoto kama mimi. Baadae wazazi wake walimhamisha shule. Alianza upya mahali ambapo hakuna anayemjua, na sijawahi kusikia kama kuna mtu alimbandika stika yoyote.

Sasa kosa langu la kwanza kubwa baada ya hapo, na hili naomba msome taratibu. Nilipima mapema. Siku 8 baada ya tukio, hata hedhi haijachelewa, nimeshanunua kipimo nimejifungia chooni, mstari mmoja. Nilifurahi mpaka nikalia. Kipimo cha mkojo kinatafuta homoni moja inaitwa hCG, na hiyo homoni inaanza kutengenezwa baada ya mimba kujishika kwenye mfuko wa uzazi, kwahiyo ukipima siku chache tu baada ya tendo kitakuambia hamna hata kama ipo. Mi nikalichukua lile jibu kama hukumu ya mahakama. Mwezi ulipopita bila hedhi nikasema ni stress za mitihani, wa pili nikasema mzunguko wangu si ndo ulivo, na kuna kadamu kidogo kalitoka siku moja nikajiaminisha kwamba ndo yenyewe imekuja. Pima kuanzia siku ambayo hedhi ilitakiwa ije, au kama hujui tarehe zako subiri wiki 3 tangu siku ya tukio, tumia mkojo wa asubuhi, na ikisema hamna na hedhi bado haiji rudia baada ya wiki. Kipimo cha pili nilikifanya mimba ikiwa ina mwezi wa nne. Mstari wa pili ulitokea kabla hata sijakiweka chini, sikuhitaji kukipeleka dirishani kwenye mwanga kama nilivyofanya cha kwanza.

Alafu nikaficha.

Kuficha mimba ni kazi ya kutwa nzima, watu hawajui. Sketi ya shule ilikua na kifungo kimoja na ndoano, kifungo kiligoma kwanza, nikaweka pini, pini ikawa inafunguka nikikaa inanichoma, nikaunganisha pini mbili, alafu nikaanza kuvaa sweta kwenye jua. Nilijifunga kitambaa tumboni asubuhi nakivua usiku nikiwa nimechubuka. Nilijinyima kula ili tumbo lisionekane. Kila moja ya hayo ilikua hatari halisi kwa mtoto na kwangu na nilikua nayafanya kwa sababu naogopa hatari ya kujulikana. Na kliniki ndo usiseme, maana kliniki ni mahali pa kwanza ambapo ungejulikana.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8, na ile ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Mi wiki ya 12 nilikua nafunga kitambaa. Vidonge vya foliki asidi vinavyomkinga mtoto na matatizo ya uti wa mgongo na ubongo vinatakiwa mwanzoni kabisa, kwa kweli hata kabla ya mimba, maana ule mrija unaokuja kuwa uti wa mgongo unafunga ndani ya mwezi wa kwanza. Binti yangu alitoka salama upande huo lakini ni bahati, sio akili yangu.

Aliyegundua ni mama, kwenye kufua. Aliona zile pini mbili. Hakupiga kelele, na mi nilikua nimejiandaa kwa kelele, nimeshaandika majibu kichwani ya kila swali. Aliishika ile sketi akaitoa pini moja, akaitoa ya pili, akazifunga vizuri akaziweka kwenye kopo, akaniuliza, "Mwanangu, una miezi mingapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Hujui, au hujataka kujua?" Nikakaa chini sakafuni.

Baba hakuongea na mimi wiki 3. Sio kwamba alinifukuza, alikua anapita tu kama kuna kiti pale nilipokaa. Ikabidi mama mdogo aje, ndo akawa daraja, anatoka huku anaenda kule anarudi na sentensi za baba amezipunguza makali. Nilikuja kujua baadae kwamba baba alikua anahesabu. Alishawaambia watu nitafika chuo, alishaweka akiba, na kichwani mwake ile akiba ilikua imeshaungua. Nilimchukia kipindi kile. Sasa hivi na mimi nina binti wa miaka 13 na kuna usiku nahesabu pia.

Kliniki ya kwanza tuliyoenda nilikaa dakika 20. Nesi aliniuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima nasoma darasa la ngapi, alafu akamgeukia mwenzie akasema, "Watoto wa siku hizi hawaogopi kitu." Niliogopa kila kitu! Nilitoka nje nikamwambia mama mdogo sirudi hata mkinifunga kamba. Na kama angekua ni mtu wa kulazimisha au wa kunionea huruma kupita kiasi, nahisi nisingerudi kweli na leo hii nisingekua naandika. Yeye akasema tu, "Sawa, hapa haturudi. Kesho tunaenda kwingine." Kwahiyo kama wewe ndo mama mdogo wa mtu, au shangazi, au dada, hiyo ndo sentensi ya kuwa nayo mfukoni. Uliza mapema mahali gani wana muda maalum kwa vijana, au nenda peke yako kwanza ukaone wanavyoongea na watu, kabla hujampeleka binti ambaye ana nafasi moja tu ya kuwaamini.

Kule kwingine ndo nikapata stika, lakini pia ndo nikapata yule nesi mtu mzima aliyekua ananiita "binti yangu" na anafunga pazia kabla hajauliza chochote. Walinipima damu kuangalia wingi wake, VVU, kaswende, mkojo kuangalia protini, presha, urefu wa tumbo. Wakasema nina wiki 25 hivi. Damu ilikua chini, nikapewa vidonge vya madini ya chuma vinavyofanya choo kiwe cheusi, na hakuna aliyenionya, nikadhani navuja damu tumboni. Uliza. Kila kidonge uliza kinafanya nini na kitakuletea mabadiliko gani.

Yule nesi alinifundisha kitu kimoja ambacho naamini kiliniokoa. Aliniambia ninunue daftari dogo, kila nikipimwa presha nisikubali kuambiwa "iko sawa", niombe namba mbili niziandike mwenyewe na tarehe. Nikauliza ili iweje. Akasema, "Kadi inaweza kupotea, nesi anaweza kubadilika. Mwili ni wako, hesabu zake kaa nazo." Namba za kuogopa ni kuanzia 140 ya juu au 90 ya chini, hasa ukishavuka wiki 20. Moja kati ya hizo mbili ikifika unatakiwa uangaliwe, sio zote mbili zifike kwanza.

Daftari langu lilikua na 110/70, 112/70, 118/76, alafu 128/84. Ukiziangalia unaona zinapanda ngazi, ila kila moja peke yake walisema iko sawa.

Wiki ya 35 nikaamka na kichwa. Sio kichwa cha kawaida, kilikua kama mtu amenishika paji la uso anabana, na dawa ya maumivu haikukigusa. Mchana nikaanza kuona vinyota, vile vidoti vinavyong'aa kama umeangalia jua alafu ukafumba macho, ila mi sijaangalia jua. Vidole vilivimba mpaka pete ya urembo ikagoma kutoka. Nyumbani wakasema ni mawazo. Mama mdogo akasema nilale. Na mi mwenyewe, kwa kuwa nilishazoea kuonekana ndo chanzo cha tabu zote pale ndani, sikutaka kusumbua watu usiku. Nikalala na vinyota vyangu.

Asubuhi nilienda na lile daftari. Mashine ikavuta, ikabana mkono, ikatoa 162/112. Nesi akaivua akaniwekea mkono wa pili, akasubiri, 160/110. Hakusema kitu, aliinuka akafungua mlango kwa mguu akaita daktari.

Kifafa cha mimba kilikua bado hakijafika, nilikua mlangoni kwake. Nilichomwa sindano ya maginesiamu salfeti, inaunguza kama umemwagiwa maji ya moto ndani ya mishipa, inazuia degedege. Wakanipa dawa ya kushusha presha, wakasema mtoto inabidi atoke maana tiba ya hali ile ni kujifungua. Uchungu ulianzishwa kwa dawa. Sitauelezea wote, nitasema tu kwamba nilimuita mama kwa jina lake, sio "mama", jina lake kabisa, na alijibu.

Mtoto alikua na kilo 2.1. Chini ya 2.5 wanahesabu ni uzito mdogo. Alikua ana nywele mabegani.

Hapo kwenye hatari za mwili mi sibishani na mtu. Wataalamu wanasema kinamama wa miaka 10 hadi 19 wanapata zaidi kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wale wa miaka 20 hadi 24, na watoto wao wanazaliwa zaidi kabla ya wakati na wakiwa na uzito mdogo. Mi niliishi hiyo sentensi. Kwahiyo mkisikia mtu anasema "mbona bibi zetu walizaa na miaka 15 na hawakufa", wale waliokufa hawapo kukujibu. Dalili ni hizo: kichwa kisichopoa, macho kuona vitu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Usilale nazo. Na haziishii kwenye kujifungua, presha inaweza kupanda hata siku na wiki za baada ya mtoto kuzaliwa, mi walinishikilia nipimwe mpaka wiki 6.

Baada ya hapo nilikua kangaroo. Ndo wanavyosema, mtoto anakaa kifuani ngozi kwa ngozi amefungwa na kitambaa, mchana na usiku, hata saa 24 kama unaweza, joto lako ndo linamkuza. Nikacheka peke yangu siku ya kwanza, maana miezi mitatu nyuma nilikua najifunga kitambaa ili asionekane, sasa nimefungwa kitambaa ili asipotee. Ananyonya kila masaa mawili, matatu. Anasahau kunyonya, unamtekenya mguu. Nepi 8 kwa siku, kumi, unafua. Gharama watu wanauliza sana, mi sikumbuki jumla, nakumbuka niliuza simu, alafu baba akauza kitu chake ambacho hakuniambia ni nini, niliona tu nafasi tupu ukutani.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni huzuni. Wanasema wiki mbili za mwanzo kulia lia ni kawaida, homoni zinashuka. Yangu ilifika mwezi wa tatu. Sikua nalia tena, nilikua sina kitu. Namuangalia mtoto najua nampenda lakini kama vile najua kwa kusoma. Kuna usiku nilimuweka kitandani nikaenda kukaa jikoni gizani, mlango nimeufunga, nikafikiria kwamba wangekua na amani wote kama nisingekuwepo. Nilimwambia yule nesi siku ya chanjo, nilisema kwa utani, yeye hakucheka. Aliniunganisha na mshauri nikaenda miezi 5. Huzuni ikipita wiki mbili, au ukiwaza kujiumiza hata mara moja, sema siku hiyohiyo kwa mtu yeyote asiyecheka. Usisubiri upate maneno mazuri.

Na uzazi wa mpango. Niliona aibu kuulizia, nikasema moyoni si nimeshajifunza, siwezi kurudia. Nesi akaniambia kila mtu husema hivo. Inashauriwa zipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na watu wanasema ukinyonyesha huwezi kushika. Hiyo inafanya kazi kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto ana chini ya miezi 6, ananyonya tu bila kupewa kingine mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, imevunjika. Nilichagua kijiti cha mkononi. Kuna wahudumu bado wanawaambia mabinti wao ni wadogo sana kwa njia hizi, wakati mwongozo wa kimataifa unasema umri peke yake sio sababu ya kumnyima mtu njia yoyote. Ukiambiwa hivo uliza ni sababu gani ya kiafya, taja neno la kiafya, utaona wanavyobadilika.

Sasa shule. Nilirudi mtoto akiwa na mwaka na miezi minne, nikakaa na watoto waliokua nyuma yangu, wananiita dada, mwalimu mmoja akanitumia kama mfano darasani bila kutaja jina huku ananiangalia. Nikamaliza. Nikaenda kusoma ustawi wa jamii, na ndo huko siku moja mhadhiri akaandika ubaoni "viashiria vya hatari", chini yake orodha: kipato duni, mzazi asiyesoma, kuzaa chini ya miaka 18, kuacha shule. Akaelezea kwamba watoto wa kinamama hawa mara nyingi wanafeli, wanarudia mzunguko. Wenzangu wananakili. Mi nimeshika kalamu namuangalia, binti yangu yuko nyumbani anajifunza kusoma.

Nilikasirika nikaenda maktaba, hasira zangu ndo huwa hivo. Nikakutana na utafiti wa Marekani wa mwaka 1992, Arline Geronimus na Sanders Korenman, hawa badala ya kulinganisha mabinti waliozaa mapema na mabinti wengine wowote, walilinganisha dada kwa dada, familia moja, mmoja alizaa akiwa kijana mwingine alisubiri. Lile pengo kubwa la kimaisha ambalo watu walikua wanaitupia mimba likapungua sana. Sehemu kubwa ya tabu ilikuwepo ndani ya nyumba kabla mimba haijaingia. Wengine walikuja kubishana nao kuhusu ni kubwa kiasi gani na sawa, wabishane, lakini kwangu ilitosha kujua kwamba ule mstari ubaoni sio unabii.

Na yupo mwanasosholojia wa Ujerumani, Ulrich Beck, aliandika mwaka 1986 kwamba jamii ya kisasa inahangaika na hatari ambazo imezitengeneza yenyewe, alikua anawaza mambo ya nyuklia na kemikali huko. Lakini pia alisema mtu mmoja mmoja siku hizi anatakiwa ajisimamie maisha yake kama mradi, na mradi ukianguka unahesabika kosa lake binafsi. Hapo nilifunga kitabu nikakaa. Maana mimi ndo ule mradi. Taarifa walinificha, kliniki wakanifokea, nyumbani nikaogopa kusema kichwa kinauma, alafu stika ikaandikwa sababu moja tu, umri. Ningeambiwa niijaze mwenyewe ile nafasi ningeandika: alichelewa wiki 13 kwa kuogopa watu.

Simlaumu yule nesi wa stika. Stika ndo ilifanya nipimwe presha kila nilipofika wakati wengine walikua wanarukwa siku za foleni kubwa. Kundi hatarishi linakusaidia pale ambapo mtu anakuangalia zaidi, na linakuumiza pale ambapo mtu anaacha kukuangalia kwa sababu ameshajua wewe ni nani. Mi nilipata yote mawili kwenye jengo moja.

Binti yangu nilimwambia akiwa na miaka 11, kabla hajaambiwa na watu. Nilimwambia kila kitu isipokua ule usiku wa jikoni, huo atausikia akikua. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama iliuma. La pili, kama baba yake anajua tarehe yake ya kuzaliwa. La kwanza nilijibu.

Sasa hivi kazi yangu ni kusindikiza. Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi na binti wa miaka 17, wiki ya 10, amekuja mapema kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsindikiza, na hakuja kwa sababu ameelimika sana, amekuja kwa sababu dada yake mkubwa alimwambia "twende" bila kuuliza ni ya nani. Mashine ikavuta ikaachia. Nesi akasema iko sawa, anaanza kukunja ule mpira. Binti akaniangalia, akafungua mkoba akatoa daftari, akamwambia, "Samahani dada, nitajie zote mbili." Nesi akaufungua tena ule mpira akamuwekea mkononi, akapima upya, akamsomea taratibu. 108 kwa 66.